Nilivyompeleka jirani yangu ustawi wa jamii

Kilichonipeleka ni kufuli. Kufuli la kawaida tu, haya ya buku tatu, limening'inia nje ya mlango wa jirani saa kumi na moja alfajiri na ndani mna watoto watatu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na zikikaribia sikukuu naamka usiku kumalizia oda za watu, kwa hiyo mtaa wetu naujua unavyoamka, nani katoka saa ngapi, karudi saa ngapi, kashushwa na bodaboda gani. Huo siyo umbea jamani, ni kazi imekaa vibaya. Jirani mwenyewe tumwite Mama Samaki, jina lake si la kuliweka humu na vitu vingine vidogovidogo nimevibadilisha makusudi asijulikane. Anatoka saa kumi alfajiri kuwahi mnada wa samaki Feri, anarudi saa tatu na ndoo ya vibua, anawasha jiko anaanza kukaanga. Kuanzia hiyo saa kumi mpaka saa tatu watoto wako ndani na kufuli liko nje. Mkubwa wa kike ana miaka 9, wa kati mitano, mdogo hata miwili hajafika.

Nilivumilia. Kila mtu mtaani alivumilia, maana si ndo tulivyozoea, mambo ya nyumba ya mtu unayaachia nyumba ya mtu. Mpaka siku moja nikasikia yule mkubwa ananiita dirishani, "mama fundi, mama fundi", sauti haijatulia, kwenda naona moshi unatokea kwenye nondo. Alikuwa ameingiza jiko la mkaa ndani amchemshie mdogo wake uji. Kijana wa bodaboda ndo alilivunja lile kufuli kwa nondo, watoto wakatoka wanakohoa, macho mekundu, wazima. Mama Samaki aliporudi akakuta mlango hauna kufuli na watoto wako kwangu wanakunywa chai, sitaandika alichonitukana, ila naelewa, na mimi ningetukana.

Kesho yake nikaenda kumripoti.

Nataka niseme ukweli kuhusu nilichokuwa nacho kichwani wakati naenda, maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Nilijua nimeshamaliza kesi. Mama anafungia watoto, watoto nusura wafe, huyo katelekeza watoto, wampokonye wampe mwenye akili. Mtaani watu walishaanza kusema atafungwa. Mzee mjumbe akaniambia nifikirie mara mbili, nikamuona mzee wa zamani huyu. Ofisi ya mtaa wakanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, dada mmoja mpole, meza yake imejaa mafaili mpaka kikombe cha chai kakiweka dirishani.

Akaniacha niongee mpaka nikaishiwa. Halafu akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea kabisa. Hiyo kufuli umeiona mara moja au kila siku? Tangu lini? Watoto wanakula? Wanalala wapi? Shule huyu mkubwa anaenda? Mdogo umewahi kumuona kapelekwa kliniki? Wanapigwa? Kuna mtu mzima mwingine anayeingia pale? Akifika hapo anasubiri, anaandika, anaendelea. Halafu, "Na baba yao yuko wapi?"

Nikasema baba ni dereva wa malori, ana kwake kwingine huko njia ya Tunduma, hapa hajaonekana muda.

"Muda gani?"

Nikahesabu. Tangu mdogo ana miezi mitatu hivi.

"Na huyo mama, dada yangu, ana uwezo?"

Sasa mimi uwezo wa mtu nitaujuaje? Ndo nikamjibu hivyo kwa hasira kidogo. Akafungua kitabu chake kimechakaa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, akanionyesha kifungu cha 95, kile kinachosema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Kwa hiyo umefanya sahihi kuja, akaniambia, lakini soma hapa. Hapo panazungumzia mzazi au mlezi ambaye anao uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya kucheza. Akaweka kidole kwenye neno uwezo, hakusema kitu kingine.

Mimi nimeishia kidato cha nne lakini hapo nilielewa. Kumbe swali siyo tu "je watoto wako kwenye hali mbaya". Hali mbaya hata kipofu angeiona. Swali la pili ndo gumu, nani alikuwa na uwezo wa kuzuia hiyo hali na hakuzuia. Baadaye akanieleza kwamba hata Kanuni ya Adhabu, ile ya makosa ya jinai, kwenye kosa la mzazi kumtelekeza mtoto wa chini ya miaka 14 imeweka sharti hilohilo, awe na uwezo wa kumtunza halafu amwache kwa makusudi bila sababu ya msingi. Ufukara wenyewe siyo kosa. Ungekuwa kosa nusu ya mtaa wetu tungekuwa ndani.

Lakini msinielewe vibaya na nyie, maana nikimsimulia mtu hii habari anarukia upande wa pili, eti kwa hiyo maskini anaruhusiwa kufungia watoto. Hapana. Sheria ina mlango mwingine. Kifungu cha 16 kimeorodhesha mtoto anayehitaji uangalizi na ulinzi ni yupi, kuna yatima au aliyetelekezwa na ndugu, kuna aliyepuuzwa au anayeteswa na anayemlea, kuna ambaye mzazi hamwangalii inavyotakiwa, kuna fukara, kuna ambaye mzazi kazidi ulevi au uhalifu, kuna anayezurura hana kwao, kuna anayeomba barabarani, orodha ni ndefu. Sasa angalia, fukara yumo humo, kwa maana mtoto fukara anahitaji ulinzi. Hiyo orodha inamwangalia mtoto, haimtafuti mwenye kosa. Mtoto anaweza akahitaji ulinzi na mzazi asiwe na hatia yoyote. Hivi vitu viwili mimi nilikuwa nimevikunja pamoja kama pindo.

Dada wa ustawi alienda pale nyumbani siku tatu baadaye, hakutoa taarifa. Mimi nilikuwa barazani, nashona kitenge cha mtu, naona kila kitu. Alikaa zaidi ya saa moja. Baadaye nilikuja kujua alichokuwa anaangalia: kadi ya kliniki ya mdogo, uzito ulivyopanda na ulivyoshuka na chanjo zipi zimekosekana. Ndoo za maji. Unga kwenye deli. Kitanda na neti. Daftari za mkubwa. Akaongea na mkubwa peke yake nyuma ya nyumba wanaanua nguo pamoja, mtoto hajui hata kama anahojiwa. Kisha akaenda shule kuangalia mahudhurio, na hapo ndo palimuumbua Mama Samaki kidogo, maana yule mtoto alikuwa anakosa vipindi vya asubuhi karibu kila siku, anabaki nyumbani kuwalea wenzie mpaka mama arudi. Miaka 9, mama mdogo huyo. Mwalimu aliandika "utoro" kwenye daftari. Utoro! Mtoto kafungiwa kwa kufuli halafu anaandikwa mtoro.

Kwenye kadi ya kliniki lakini kulikuwa na habari nyingine. Mdogo chanjo zote alikuwa nazo, na uzito wake haukuwa mbaya, ulishuka mara moja tu miezi ya mvua ambapo biashara ya samaki ilikuwa ngumu. Yaani huyu mama anayefungia watoto kliniki hajakosa hata mwezi mmoja. Mimi nilikaa naye mlango kwa mlango sikujua. Nilijua kufuli.

Hapa niseme kitu kuhusu lugha yetu kinachonikera. Mama akienda Feri saa kumi alfajiri tunasema kawatelekeza watoto. Baba akikaa Tunduma mwaka mzima na zaidi tunasema yuko kikazi.

Kwa sheria ilivyo, afisa ustawi akipata taarifa anamwita mlalamikiwa waongee kwanza, wakubaliane kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Mahakamani ni mpaka mtu akigoma. Mama Samaki aliitwa akaenda, amevaa kanga safi, amebeba kadi ya kliniki kwenye mfuko wa rambo. Baba aliitwa kwa simu, akasema yuko safarini. Akaitwa tena, safarini. Mara ya tatu akapokea akasema yeye hela anatuma, huyo mwanamke anazila, na kama hawezi kulea basi awaachie watoto awachukue yeye.

Hilo la "awaachie niwachukue" dada wa ustawi alicheka. Akaniambia wanaume wengi wakisikia neno matunzo wanakumbuka ghafla kuwa wanapenda kuishi na watoto. Lakini siyo rahisi hivyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi ila anayepinga ndo mwenye kazi ya kuleta huo ushahidi. Na Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama iangalie umri na jinsia ya mtoto, maoni yake mwenyewe kama kayatoa bila kushurutishwa, watoto wa tumbo moja wasitenganishwe ikiwezekana, na malezi yasikatwekatwe mtoto akawa anahamahama. Sasa wawili kati ya hawa wako chini ya miaka 7 na watatu wasitenganishwe. Hesabu hiyo hata dereva wa lori anaiweza.

Aligoma, ikaenda mahakamani.

Watu wananiuliza mahakama ya familia iko wapi, kwetu Tanzania huku hakuna jengo linaloitwa hivyo, mambo ya watoto yanaenda Mahakama ya Watoto. Jaji Mkuu anaweza kuteua hata jengo linalotumiwa na mahakama ya mwanzo liwe mahakama ya watoto, ila anayekaa ni hakimu mkazi, na inatakiwa ikiwezekana wakae mahali tofauti na zinapoendeshwa kesi za wakubwa. Kwa hiyo usitegemee utaona kitu cha kwenye tamthilia. Sisi tulikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, kuna kuku wa mtu anapita. Kesi zenyewe zinasikilizwa faragha, haruhusiwi kila mtu kuingia, afisa ustawi lazima awepo, mzazi awepo. Mimi shahidi nilikuwa nje mpaka nilipoitwa, na nilipomaliza nikatoka, kwa hiyo yaliyosemwa na wengine sikuyasikia na hata ningeyasikia nisingeyaandika hapa.

Ila nitaandika yangu.

Niliingia nikijiamini. Nikaeleza kufuli, moshi, nondo, kukohoa. Hakimu, mama mtu mzima, anaandika kwa mkono, taratibu, mpaka unajisikia vibaya kuongea haraka. Baba watoto alikuja na wakili. Wakili alinipenda sana mwanzoni maana ushahidi wangu ulikuwa unamchoma mama, akanibembeleza, "kwa hiyo shahidi, watoto walikuwa wanafungiwa kila siku?" Kila siku. "Na mama hakuacha mtu mzima?" Hakuacha. Akafurahi akakaa.

Halafu hakimu mwenyewe akaniuliza. Umekuwa jirani kwa muda gani? Mwaka na nusu. Uliwahi kuingia ndani ya nyumba hiyo kabla ya siku ya moshi? Hapana. Uliwahi kumwambia huyu mama kuhusu kufuli? Hapana. Uliwahi kuombwa uwaangalie watoto? Hapo nikanyamaza. Maana niliwahi. Mwezi wa kwanza tu alipohamia alikuja akaniomba, dada fundi nikitoka alfajiri nikuachie hawa mpaka saa tatu, nitakuwa nakupa samaki, na mimi nikasema kazi nyingi. Niliisahau kabisa hiyo habari mpaka nimesimama pale. Nikajibu, niliombwa, nilikataa. Hakimu akaandika. Hakunikunjia uso wala nini, aliandika tu, ila sauti ya ile kalamu naisikia mpaka leo.

Na baba, akauliza, umemuona mara ngapi ndani ya huo mwaka na nusu? Mara mbili, moja ni sikukuu ya Idi. Alikuja na nini? Wakili akasimama kupinga, hakimu akamwambia akae. Nikasema alikuja na soda.

Nilivyokuja kufikiri baadaye, maswali yale yote yalikuwa yanapima kitu kimoja, huyu mama alijaribu nini kabla ya kufikia kufuli. Kuna tofauti kati ya mtu aliyefunga mlango kwa sababu hajali na mtu aliyefunga mlango kwa sababu kagonga milango mingine yote haikufunguka, mmojawapo wangu. Kwa moto haina tofauti, moto unaunguza wote. Kwa sheria tofauti ipo, kwa sababu inabadilisha nini kifanyike.

Mkubwa naye aliongea na hakimu. Kwa sheria yetu ya ushahidi ilivyorekebishwa mwaka 2016 mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Alisema nini sijui. Alitoka akiwa anakula biskuti.

Siku hiyo ya uamuzi ilikuwa mvua, na mimi na Mama Samaki tukajikuta kituo kimoja, daladala moja, siti moja kabisa maana zilikuwa zimejaa. Hatukuwa tumeongea tangu siku ya matusi. Akakaa kimya mpaka tumepita vituo vitatu, kisha akaanza kunisimulia mwenyewe, anaangalia dirishani, siyo mimi.

Watoto hawakuchukuliwa. Mahakama ingeweza, kuna amri ya kumtoa mtoto pale alipo na kumweka chini ya uangalizi wa ustawi, inatolewa pale ambapo mtoto anapata madhara makubwa au yuko kwenye hatari ya kuyapata, na ina kikomo chake, miaka mitatu au mtoto afike 18, chochote kitakachotangulia. Mama Samaki aliambiwa hivyo na dada wa ustawi mwanzoni kabisa na alisema wiki nzima hakulala, alikuwa anamshika mdogo usiku kama vile wataingia kumchukua kitandani. Lakini kumtoa mtoto kwa mzazi ni hatua ya mwisho, mtoto anayo haki ya kuishi na wazazi wake mpaka mahakama ijiridhishe kwamba kukaa hapo kunamuumiza. Ripoti ya ustawi ilisema hawa wanaumizwa na kutokuwepo mtu kwa saa tano za alfajiri, siyo na mama. Kwa hiyo tafuta mtu wa saa tano. Akawekewa amri ya usimamizi, watoto wanabaki nyumbani na afisa anakuja kuangalia, na masharti: kufuli marufuku, jiko marufuku kuingia ndani, mkubwa shule asubuhi bila visingizio, na shangazi yao, dada wa baba, ambaye kumbe anaishi daladala moja tu kutoka kwetu, akajitolea mbele ya hakimu kulala pale siku za Feri. Huyo shangazi nilikuwa sijawahi kumuona. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na baba akaamriwa matunzo. Hapo mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, siyo mmoja, kama kuna mwenye tatizo la kumpunguzia uwezo wa kutafuta, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha za eneo analokaa mtoto, na haki za mtoto mwenyewe. Wakili alileta kwamba ana familia nyingine, ni kweli, na hiyo inahesabiwa. Ila aliombwa aonyeshe alivyokuwa anatuma hela. Kwenye simu yake zilionekana meseji mbili za miamala, elfu 30 na elfu 20, kwa kipindi chote. Mama Samaki aliposema hiyo akacheka, mara ya kwanza naiona meno yake. "Nilikuwa najua ni tatu," akasema. "Nilimpunja."

Kiasi alichopangiwa sikitaji, siyo kikubwa, siyo cha kutukana pia. Ukitaka cha kutukana ni kile cha zamani, kabla ya hii sheria ya 2009 kulikuwa na sheria ya mkoloni ya mwaka 1949 ambayo mwanaume akithibitika kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa matunzo yake yalikuwa hayazidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia. Na ilikaa kwenye vitabu mpaka mia ikawa hainunui hata andazi. Mama yangu mzazi aliwahi kushinda kesi ya namna hiyo, na hakurudi kuchukua hata mwezi mmoja maana nauli ya kwenda mahakamani ilikuwa inazidi.

Nikamuuliza Mama Samaki kama walizungumzia kumfunga mtu. Maana kwa Sheria ya Mtoto mzazi anayevunja wajibu wake anaweza kupigwa faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote. Akasema hapana, hakimu alimweleza kwamba ile haikuwa kesi ya jinai. Na hilo ni jambo watu wengi tunalichanganya. Kesi ya jinai lazima ithibitishwe pasipo kuacha shaka. Hii ya kumlinda mtoto na ya matunzo inapimwa kwa mizani, upande gani una uzito zaidi. Ndo maana ushahidi wa fundi cherehani kutoka barazani unaweza ukatosha kumfanya afisa awe anapita kila mwezi, na usitoshe kabisa kumpeleka mtu jela. Mtaani ukisema "kesi imeshinda" wanauliza kafungwa miaka mingapi, ukisema hajafungwa wanasema kahonga.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja kama najuta kuripoti. Sijuti, ule moshi niliuona kwa macho yangu. Ningerudi nyuma ningeripoti tena, kwa dada wa ustawi au hata kwa kupiga 116 ambayo ni bure na ni ya mambo ya watoto hasa. Ila ningekuwa na adabu zaidi kwenye kuripoti. Ningesema nimeona kufuli na moshi, nisingesema katelekeza. Hilo neno la pili halikuwa langu kulisema, sikuwa na kadi ya kliniki, sikuwa na daftari la shule, sikuwa na simu ya baba. Na ningetaja mapema kwamba mimi niliombwa niwaangalie hizo saa tano kwa malipo ya samaki nikakataa.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni huo usimamizi. Miezi miwili ya kwanza dada wa ustawi alikuja, mara moja kwa pikipiki ya mtu, mara moja kwa miguu ametota. Mwezi wa tatu hakuja. Nilipopita ofisini kuulizia nikaambiwa kahamishwa kata nyingine, anayekuja hajaripoti, mafaili yapo. Kweli yapo, niliyaona, na kikombe kiko dirishani vilevile.

Baba alituma mwezi wa kwanza na wa pili kamili. Mwezi huu katuma nusu na meseji kwamba gari limeharibika. Mama Samaki kaihifadhi hiyo meseji, hafuti kitu siku hizi, kamwambia mkubwa amsomee kwa sauti kisha akaandika tarehe kwenye ukurasa wa nyuma wa kadi ya kliniki, chini ya chanjo.

Shangazi analala pale siku za Feri. Siku ambazo shangazi ana zamu kazini kwake watoto wanakuja kwangu, saa kumi na robo, mdogo kabebwa amelala, namlaza kwenye kochi juu ya mabaki ya vitambaa. Mama Samaki na mimi hatujawa marafiki, anagonga, ananikabidhi, anasema "haya dada fundi", anaondoka. Saa tatu analeta vibua viwili kwenye kisahani. Nilimwambia asiwe analeta, akasema tulishakubaliana, nikabaki nimemwangalia, maana makubaliano anayoyasema yeye ni yale ya mwezi wa kwanza, niliyoyakataa.